Sweta ya Mwokaji

Kila mtaa una mtu wake wa kushona. Mtaa huu, zaidi ya hapo, ulikuwa na mtu wake wa kufumua. Mpe sweta kuukuu iliyofumwa kwa mkono, hata kama imetobolewa na nondo na kusahauliwa uvunguni, ataigeuza nje ndani, atapapasa shingoni kwa kidole gumba, na kabla hujamaliza kumjulia hali ameshapata ncha ya uzi. Akishaivuta, basi tena. Sweta inashuka mstari kwa mstari, yeye anazungusha donge la uzi huku anakupigia soga kana kwamba mikono ile ni ya mtu mwingine. Uzi ukishatoka huoshwa, ukaanikwa mpaka mikunjo inyooke, na baada ya muda utamwona mtoto wa jirani kavaa sweta mpya iliyokuwa ya babu wa mtu asiyemjua. Ndiyo maana watu walimwita Mama Fumua. Aliitika bila kinyongo, maana jina lenyewe lilimletea wateja.

Chumba chake cha kazi kilitazamana na duka la wifi yake. Duka liliitwa Toleo Jipya, na kwa kuwa mwenye duka naye hakuwahi kukaa na jambo moja likapoa, watu walimwita Toleo. Kila wiki marobota yalishuka mlangoni kwake: blauzi, magauni, sweta za rangi ambazo hata maua hayana. Na kila wiki mzigo wa wiki iliyopita ulihamishiwa kwenye beseni la bei ya kutupa. Haki isemwe, nguo zile zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri mpaka zikutane na maji. Unaanika gauni, unaanua tambara la kudekia, na hakuna wa kumlalamikia kwa sababu hata aliyekuuzia ameshasahau kama aliwahi kuwa nalo.

"Wifi, hizi zako nikizifumua napata nini?" Mama Fumua alipenda kumchokoza kutoka ng'ambo ya barabara.

"Unapata amani," Toleo alijibu. "Mteja wangu ananunua, anachoka, anarudi. Wewe ukimfumia mtu sweta humwoni tena mpaka azeeke. Hiyo ni biashara au ni kuagana?"

Walicheka wote wawili. Ila ukweli ni kwamba Mama Fumua alishajaribu kuzifumua sweta za Toleo, akashindwa. Zile hazikufumwa kwa umbo la mtu. Zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye gora la kitambaa, zikaungwa kwa mashine, kwa hiyo ukivuta uzi unapata vipande vifupi kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Nguo isiyofumuka, alisema, haikufumwa, na ikichakaa haina pa kwenda ila jaani.

Mume wa Mama Fumua, kaka yake Toleo, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuja na kuondoka. Mawifi ndio waliobaki kuchokozana kutwa. Wazazi wa Toleo na kaka yake walikuwa mwisho wa barabara hiyohiyo, kwenye tanuri la mikate. Baba mkwe, mtaa mzima ulimwita Mwokaji. Mkewe, ambaye wote walimwita Mama tu, alikuwa mfumaji hodari enzi zake. Aliwafumia watoto wake wote, na kila nguo iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na alama yake: mshono mdogo wa uzi mwekundu kwenye pindo la chini, upande wa ndani, pale mfumaji anapoanzia kazi. Alama ile ilikuwa na maana moja: huyu ni wa kwangu.

Baadaye viungo vya vidole vikamkaza. Mama Fumua alipoolewa, mkwewe alikuwa hawezi tena kushika hata sindano ya kufumia, akampa bibi harusi blanketi la dukani na kumwomba radhi. Blanketi lilikuwa zuri, na Mama Fumua alishukuru kwa moyo safi. Lakini naye ni mtu. Miaka ilivyopita alibaki na kitu kidogo rohoni, ambacho hakuwahi kumwambia hata mumewe: katika nyumba ile, yeye peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuwekewa uzi mwekundu.

Nguo za watoto zilikwisha zamani. Katika kazi yote ya mikono ya Mama ilibaki moja tu, sweta ya kijivu ya Mwokaji, ambayo aliivaa kila alfajiri akienda kuwasha tanuri. Sweta hiyo ilikuwa kichekesho cha familia, kwani mkono wake wa kulia ulikuwa mrefu kupita wa kushoto, unamfunika mpaka ncha za vidole. "Hapo Mama alikuwa anasengenya," Toleo alizoea kusema mezani, "akasahau kuhesabu." Watu walivunjika mbavu, Mama akicheka pamoja nao, na Mwokaji aliukunja ule mkono akaendelea kula.

Sasa ikawa siku moja kiwiko cha sweta kimetoboka. Mama akaifua, akampa Toleo aipeleke kwa wifi yake izibwe. Toleo aliingia nayo ikiwa ndani ya mfuko wa duka lake, akautua juu ya rundo la sweta kuukuu zilizokuwa zimenunuliwa kwa ajili ya kufumuliwa. Baadaye alikula kiapo kwamba alisema, "Hii ya Baba, kiwiko tu." Alisema kweli. Ila alisema akiwa anatoka, simu sikioni, na aliyesikia ni yule wa kwenye simu.

Mtu atauliza, Mama Fumua hakuijua sweta ya baba mkwe wake? Hakuijua. Tangu aolewe hakuwahi kuiona bila unga. Imefuliwa, imekung'utwa, imegeuzwa nje ndani, ilikuwa sweta ya kijivu kama sweta zote za kijivu duniani. Akaichukua, akafungua mishono ya pembeni, akatafuta ncha shingoni, akavuta.

Ilishuka kwa raha isiyo ya kawaida. Vitanzi vilikuwa vimebana na vimelingana, mtu hakuyumba hata mstari mmoja. "Aliyefuma hii hakuwa wa mchezo," alimwambia mteja aliyekuwa amekaa mlangoni. Kama kawaida yake, kila kipande alikizungushia donge lake, na alipomaliza mikono miwili akaona donge moja ni kubwa kuliko jingine. Akatabasamu. Kumbe si Mama tu anayepitiwa, alijisemea, akaendelea na kifua, akahangaika na fundo moja makwapani, akaendelea na mgongo, mpaka akafika kwenye pindo la chini. Ule uzi mwekundu ukamdondokea mapajani.

Mteja alisimulia baadaye kwamba alidhani Mama Fumua amechomwa na sindano. Soga lilikatika katikati ya neno. Alikaa ameshika tama, anautazama ule uzi. Nguo ya mwisho ya mikono ya Mama ilikuwa mbele yake, madonge ndani ya kikapu.

Jioni Toleo akaingia na kicheko chake. "Vipi, kiwiko cha Baba kimepona?"

Mama Fumua akanyoosha kidole kwenye kikapu.

Toleo akatazama kikapu, akatazama rundo, akatazama tena kikapu. Akavuta kiti, akakaa. "Wifi," alisema mwishowe, "umemvua baba yangu nguo."

"Mbona hukuniambia ni yake?"

"Nilisema!"

"Ulimwambia nani?"

Wakarushiana lawama mpaka zikawaishia. Ndipo Toleo akaja na dawa yake. Dukani kwake kulikuwa na sweta za kijivu, mzigo wa juzi tu. Wachukue moja, waipake unga, wazee macho yao hayaoni vizuri, nani atajua?

"Ile ikikaribia tanuri itayeyuka imgande mwilini," Mama Fumua alisema. "Hii ni sufu, ile ni plastiki iliyochanwa. Halafu Mama ataijua kwa kuishika tu, hata akiwa usingizini."

"Basi tumwambie."

Kumwambia ndilo lililokuwa jambo la haki, Mama Fumua alilijua hilo. Lakini akilini alimwona Mama akiinua vile vidole vyake vilivyojipinda, akijua kwamba hawezi kuifuma tena, na moyo ukamshinda. Aliogopa, hakuna namna nyingine ya kulisema. "Nitaifuma upya," alisema. "Uzi ni uleule. Vitanzi nitafuata vyake. Itarudi kama ilivyokuwa, na hakuna atakayeumia."

Siku zilizofuata zilikuwa za kujificha. Mwokaji alipita mlangoni akiwa amejifunga shali la mkewe mabegani, lenye vishada, akauliza kwa upole kuhusu kiwiko. "Kinakuja, Baba," Mama Fumua alijibu, akisukuma kikapu kwa mguu chini ya meza. "Usijisumbue, mwanangu," alisema yule mzee. "Ila asubuhi baridi inanitafuta." Toleo, ambaye kwa kusema uongo hana mpinzani, alimwambia kwamba viwiko siku hizi vimekuwa na kazi kubwa.

Kufuma kama mtu mwingine si kazi ndogo. Mkono wa Mama Fumua ni mlegevu, wa Mama ulikuwa wa kubana, na ilibidi achukue sindano nyembamba na kuuvuta uzi mpaka vidole vikauma. Alifuma, akapima, akafumua, akafuma tena. Taratibu akaanza kumfahamu mkwewe kwa namna ambayo miaka ya kupika na kula pamoja haikumfahamisha. Aligundua kwamba Mama hakuwa mtu wa njia ya mkato. Aligundua pia kwamba huwa anachoka akifika makwapani, maana pale kulikuwa na fundo baya lililomchukua nusu ya asubuhi kulifungua siku ile ya kufumua.

Kisha akafika kwenye mikono, na hapo ndipo ufundi ulipomponza. Donge kubwa, donge dogo. Alijua kabisa kwamba wa kulia unatakiwa uwe mrefu. Lakini fundi ni fundi, akiona kosa mkono unamwasha. Aliwaza jinsi mzee alivyochekwa miaka yote, akawaza kwamba kwa kuwa sweta imerudi kwenye uzi, hii ndiyo nafasi ya kumpa iliyokaa sawasawa. Nani angelalamika kwa kutolewa dosari? Akafuma mikono miwili inayolingana. Uzi uliosalia akauzungusha donge dogo, akalitia kwenye mfuko wa gauni lake la kazi.

Jambo moja tu lilimshinda. Uzi mwekundu aliushika, akautunga kwenye sindano, akautoa tena. Kuufuata mkono wa Mama ni sawa, lakini kumwekea alama yake bila yeye kujua ilikuwa kama kumsemea maneno ya moyoni. Akauhifadhi kwenye kopo la vifungo.

Waliipeleka alfajiri, yeye na Toleo, kabla ya Mwokaji kuanza kazi. Toleo alikuja amevaa blauzi mpya ya kijani inayometameta, akisema kwamba mtu akienda hukumuni aende amependeza. Chumba cha tanuri kilikuwa na joto na harufu ya mkate unaoiva, magunia ya unga yamepangwa ukutani, na Mama amekaa juu ya gunia moja akipanga mifuko ya karatasi. Toleo na kaka yake tangu utotoni saa hizo huwa wamelala, na Mama Fumua hakuwahi kufika mapema hivyo. Wazee wawili walikuwa na alfajiri yao peke yao.

Mwokaji aliivaa hapohapo, akajitazama, akashukuru. "Imekuwa mpya kabisa," alisema, na Toleo akakohoa. Mama alimwita mumewe asogee. Akashika pindo la chini, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, taratibu, kutoka mshono mmoja hadi mwingine. Aliachia pindo, akarudi kwenye mifuko yake.

Mikate ikawa tayari. Mwokaji akafungua mlango wa tanuri, na bila kutazama, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akautikisa mkono wa kulia ili sweta ishuke imfunike vidole, akaishika trei.

Sweta haikushuka. Mzee aliruka, trei ikamponyoka, mikate ikabingirika sakafuni mpaka mlangoni. Alisimama anapuliza vidole, anautazama mkono wa sweta kwa mshangao wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa.

"Mkono wangu uko wapi?" aliuliza.

Mama Fumua alimkimbizia ndoo ya maji baridi, akamtumbukiza vidole. Mungu alisaidia, vilikuwa vimebabuka kidogo tu. Aliponyanyua kichwa akakutana na macho ya Mama.

"Nani alikwambia nilikosea kuhesabu?" Mama alisema.

Toleo, shahidi mkuu wa kosa lile, alikuwa ameinama anaokota mikate kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha popote.

"Baba yenu huyu," Mama aliendelea, "nilimshonea vitambaa vya kushikia trei mpaka nikachoka. Anavipoteza. Anafungia wateja mikate. Kila siku ananirudia na malengelenge. Nikasema sawa, nitamfumia kitambaa ambacho hawezi kukipoteza. Nilimpima vidole akiwa amelala. Mkono ule ndio niliouhesabu kuliko kitu chochote nilichowahi kufuma."

"Sasa Mama, miaka yote hii mbona hukusema?" Toleo aliuliza kutoka chini ya meza.

"Mlikuwa mnacheka vizuri."

Mama Fumua angeweza kuishia hapo, akubali kwamba alipunguza mkono, na mengine yakapita. Akapiga moyo konde. "Mama, sikuupunguza mkono tu," alisema. "Niliifumua yote. Nilidhani ni ya rundo. Nimeifuma upya, halafu nikaogopa kukwambia." Akatoa kopo la vifungo mfukoni, akalifungua. "Uzi wako mwekundu ni huu."

Mwokaji alitoa vidole kwenye ndoo. Mama alilitazama kopo.

"Ilikatika wapi?" aliuliza.

"Kiwikoni tu, palipotoboka. Kwingine kote ilishuka bila kukatika."

"Na makwapani? Pale nina fundo langu."

"Lile fundo lilinitesa, Mama."

"Ndiyo," alisema Mama, na kona ya mdomo ikaanza kumcheza. "Hilo lingemtesa kila mtu." Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mfuko wa karatasi. "Huyu ameivaa, hawa wameicheka. Wewe peke yako ndiye uliyejua nilivyoifuma. Kaa hapa. Uzi wa mkono umeutupa?"

Mama Fumua akatoa lile donge dogo.

Wakakaa juu ya magunia, Mwokaji kati yao akiwa bado ameivaa sweta, amenyoosha mkono kama mtu anayepimwa na daktari. Mama Fumua aliokota vitanzi kwenye ukingo wa mkono, akaanza kushuka, Mama akimwongoza: bana hapo, legeza hapa kwenye kidole gumba, mzee hapendi kubanwa. Mlangoni wateja walianza kufika, na Toleo akashika kazi ya kuuza. Ile mikate iliyoanguka akaiita ya toleo maalumu, na mtaa huu usivyo na akili timamu asubuhi, watu wakaing'ang'ania.

Mkono ulipofika kwenye ncha za vidole, Mama Fumua alifunga uzi na kumpa mkwewe ule mwekundu.

"Weka wangu, maana uzi niliuchagua mimi," Mama alisema. "Halafu weka na wako, maana sweta umeifuma wewe. Wako ni wa rangi gani?"

Mama Fumua alibabaika. Alikuwa amefumua nguo za mtaa mzima, akafuma nyingine zisizo na idadi, na hakuwahi kuweka alama hata kwenye moja. Alama, kwake yeye, ilikuwa kitu cha kuwekewa.

"Chukua kijani," Toleo alisema, akivuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye pindo la blauzi yake mpya. Uzi ukaja. Ukaendelea kuja, na pindo lote likafunguka kuzunguka kiuno mpaka mgongoni. Toleo alilitazama kwa huzuni kidogo. "Angalau hii imefumuka," alisema.

Hivyo sweta ya Mwokaji ikapata alama mbili, nyekundu na kijani. Mzee akasimama, akatikisa mkono, sweta ikashuka ikamfunika vidole, akafungua tanuri na kuchomoa trei ya pili bila kutazama.

Kilibaki kipande kifupi cha uzi mwekundu. Mama Fumua alitaka kukirudisha kwenye kopo, lakini Mama alimzuia. "Nitungie sindano," alisema. "Sasa inua pindo la gauni lako."

Ilimchukua muda. Sindano ilimponyoka, akaishika tena kwa vile vidole vilivyojipinda, akachoma, akavuta, akachoma pembeni ya alipokusudia. Mama Fumua alisimama amemshikia kitambaa, machozi yanamtoka bila kuyaficha. Mshono ulipomalizika ulikuwa umepinda na umelegea upande mmoja, kazi ambayo mteja yeyote angemrudishia fundi. Gauni lile bado analivaa kazini. Kila siku anafumua vya watu, na mshono ule hajawahi kuugusa.